Tom Robinson Hakuwa na Hatia, na Maycomb Nzima Ilijua

Katika riwaya To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, Bob Ewell, Mzungu fukara, yuko kizimbani, akitoa ushahidi kwamba Tom Robinson, mtu mweusi, alimbaka binti yake. Wakili wa utetezi, Atticus Finch, anamuuliza kwa upole kama anajua kusoma na kuandika, kisha anampa bahasha na kalamu aandike jina lake. Ewell anaandika, na watu wote wanamwona: anatumia mkono wa kushoto.

Uzito wa jambo hilo unatokana na maneno ya sherifu, aliyeieleza mahakama muda mfupi kabla kwamba Mayella Ewell, binti huyo, alikutwa amevimba upande wa kulia wa uso, na shingo yake ilikuwa na alama za vidole pande zote, kana kwamba ilikabwa kwa mikono miwili. Aliyempiga akiwa amemkabili uso kwa uso, yaelekea alitumia mkono wa kushoto. Baadaye Tom anaamriwa asimame, na kila aliyemo ukumbini anaona kwamba mkono wake wa kushoto umenyauka na ni mfupi kuliko wa kulia kwa karibu futi nzima. Uliliwa na mashine ya kuchambua pamba alipokuwa mtoto. Zaidi ya hayo, hakuna daktari aliyeitwa kumpima binti, na baba mtu wala hakufikiria kumwita.

Kwa ushahidi huo, kesi ilipaswa kufa siku ileile. Jopo la raia waamuzi linakaa saa kadhaa, linarudi usiku, na linamtia Tom hatiani.

Riwaya yenyewe ilitoka Julai 1960 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mwaka 1962 ikawa filamu iliyompa Gregory Peck tuzo ya Oscar, na mpaka leo zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Msimulizi ni Jean Louise Finch, wote wanamwita Scout, binti wa wakili huyo. Hadithi inapoanza hajatimiza miaka sita, na inapoisha anakaribia tisa. Mahali ni Maycomb, mji wa kubuni katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kati ya 1933 na 1935, enzi ya mdororo mkuu wa uchumi.

Wengi wanakikumbuka kama kitabu cha wakili mwema na mtoto mdadisi, nao hawajakosea. Ila mna watu wawili humo wasio na doa, na wasomaji huwatia kapu moja. Tom hakutenda. Scout hajui. Kutotenda kwa Tom hakumfai kitu, ilhali kutojua kwa Scout kunamlinda mpaka ukurasa wa mwisho. Maswali mengi magumu kuhusu riwaya hii, pamoja na ugomvi wa miaka yote juu ya kuifundisha shuleni, yanaanzia hapo.

Tuanze na mahakama, maana msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kupotea mlangoni. Tanzania tumewazoea wazee wa baraza, wanaokaa na jaji na kumpa maoni yasiyomfunga. Marekani mambo ni mengine. Raia kumi na wawili wanasikiliza ushahidi, wanajifungia chumbani, na uamuzi wao juu ya hatia ndio uamuzi wa mahakama. Katika kesi ya jinai ya aina hii sharti wote kumi na wawili wakubaliane. Jaji Taylor wa Maycomb anaonekana wazi kuwa na moyo wa haki, na ni yeye aliyemteua Atticus makusudi, akijua wakili mwingine angesimama tu ili sheria isikosolewe. Lakini jopo likishasema, ni vigumu sana kwake kulipinga.

Jopo lenyewe ni la wanaume Wazungu watupu, wakulima wa pembezoni mwa mji. Wanawake wa Alabama hawakuruhusiwa kukaa katika jopo mpaka mahakama ya shirikisho ilipobatilisha katazo hilo mwaka 1966, miaka sita baada ya kitabu kutoka. Kwa watu weusi hapakuwa na haja ya katazo la wazi. Maofisa wa kaunti ndio walioandaa orodha ya raia wanaofaa, na majina ya weusi hayakuingia humo. Ukiuliza, unaambiwa hawakupatikana wenye sifa.

Ujanja huo uliwahi kuanikwa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Machi 1931 vijana tisa weusi, wa kati ya miaka 13 na 19, waliteremshwa kutoka treni ya mizigo huko Paint Rock, Alabama, na wanawake wawili Wazungu wakadai wamebakwa nao. Siku kumi na mbili baadaye kesi zikaanza katika mji wa Scottsboro, nje umati umejaa, na wanane wakahukumiwa kifo. Mwanamke mmojawapo, Ruby Bates, alikana madai yake mwaka 1933. Haikusaidia. Jaji mmoja Mzungu, James Horton, aliufuta uamuzi wa jopo dhidi ya mmoja wa vijana hao kwa kuwa ushahidi haukusimama. Uchaguzi uliofuata wapiga kura wakamwondoa kitini. Rufaa ilipofika Washington, wakili Samuel Leibowitz alionyesha kwamba majina machache ya weusi katika daftari la jopo yalikuwa yamechomekwa baadaye, na majaji walipokezana kioo cha kukuzia maandishi wajionee wenyewe. Uamuzi ukatoka Aprili 1935: kuwabagua weusi katika jopo ni kinyume cha Katiba.

Ukifuata miaka ya ndani ya riwaya, kesi ya Tom inaangukia kiangazi cha mwaka huohuo wa 1935. Mahakama ya juu kabisa ya nchi imekwisha sema, na Maycomb wakulima kumi na wawili weupe wanaingia na kuketi kama vile hakuna lililosemwa.

Lee hakuhitaji kwenda mbali kutafuta habari zake. Alizaliwa 1926 Monroeville, Alabama. Baba yake, Amasa Coleman Lee, alikuwa wakili, mbunge wa jimbo na mwenye gazeti la mji. Mwaka 1919, kabla binti huyo hajazaliwa, mzee Lee aliwatetea weusi wawili, baba na mwana, walioshtakiwa kumuua mwenye duka Mzungu. Wote wawili walinyongwa. Tena Lee alipokuwa mtoto, palepale Monroeville, mtu mweusi aitwaye Walter Lett alishtakiwa kumbaka mwanamke Mzungu, akahukumiwa kiti cha umeme, adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha baada ya baadhi ya wenyeji kumwombea kwa gavana, na hatimaye akafia katika hospitali ya magonjwa ya akili mwaka 1937. Hadithi ya Tom Robinson ina viungo vya kesi hizi zote.

Swali ambalo kitabu chenyewe kinalijibu vizuri kuliko makala nyingi zilizoandikwa juu yake ni hili: kwa nini jopo lilihitaji Tom awe na hatia, hata baada ya kuona mkono?

Jibu limo katika sentensi moja ya Tom. Amekuwa akipita mbele ya nyumba ya akina Ewell akienda na kurudi kazini, na mara kwa mara Mayella humwita amsaidie kupasua kuni, kubeba maji, kuvunja kabati kuukuu. Hakuwahi kumtoza hata senti. Mwendesha mashtaka anamuuliza kwa kejeli: kwa nini ulimfanyia yote hayo bure? Tom anajibu kwamba alimwonea huruma, kwa sababu alionekana kujitahidi kuliko wengine wote wa nyumba ile.

Ukumbi unaingiwa na baridi. Tom mwenyewe anatambua amekosea, lakini neno limeshatoka.

Huruma hutoka kwa mwenye afadhali kwenda kwa mwenye shida. Maycomb ilijengwa juu ya ngazi, na ngazi hiyo ilikuwa na sharti moja tu lisilovunjika: Mzungu wa mwisho kabisa yuko juu ya mtu mweusi wa kwanza kabisa. Akina Ewell wanaishi nyuma ya jaa la taka la mji, katika kibanda ambacho zamani kilikuwa cha watu weusi. Baba ni mlevi, watoto hawasomi, na Mayella, mwenye miaka 19, hana rafiki hata mmoja. Alipoulizwa kuhusu marafiki alidhani anadhihakiwa. Mali waliyonayo ni rangi yao, basi. Sasa mtu mweusi, mwenye kazi, mke na watoto watatu, anasimama hadharani na kusema amemhurumia Mzungu. Amewanyang'anya hata hicho.

Chini yake kuna jambo zito zaidi. Kilichotokea kweli ni kwamba Mayella ndiye aliyemkumbatia Tom na kumbusu. Aliweka akiba ya visenti karibu mwaka mzima ili siku hiyo wadogo zake saba waende mjini kununua aiskrimu na nyumba ibaki tupu. Baba yake alichungulia dirishani, akaona. Kipigo kilitoka kwake, na baada ya kipigo ikatungwa kesi. Mwanamke Mzungu kumtamani mtu mweusi ni jambo ambalo mji ule haukuwa na mahali pa kuliweka. Likikubaliwa kuwa liliwahi kutokea, ukuta mzima unapata ufa. Kumuua Tom ni rahisi zaidi. Alabama yenyewe ilibaki na katazo la ndoa za mchanganyiko ndani ya katiba yake, ingawa halikuwa na nguvu tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipolibatilisha mwaka 1967, mpaka wapiga kura walipolifuta mwaka 2000. Na kati ya watu 455 waliouawa kisheria kwa kosa la ubakaji Marekani kuanzia mwaka 1930 mpaka adhabu hiyo ilipokoma, 405 walikuwa weusi.

Wahenga wetu wana msemo: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maycomb iliufuata kwa namna yake ya kutisha. Tom alipewa wakili, tena bora kuliko wote mjini. Alipewa jaji mwadilifu, mashahidi waliohojiwa kwa utaratibu, na nafasi ya kujieleza. Kisha akanyongwa, kwa maana ya kwamba alihukumiwa adhabu ya kifo na akafa kabla rufaa haijasikilizwa, kwa risasi kumi na saba, akijaribu kupanda uzio wa gereza. Atticus anawaeleza dada yake na jirani yao kwamba huenda Tom alichoka kungoja bahati za Wazungu akaamua kujaribu yake.

Sasa tumrudie Scout. Kumpa mtoto usimulizi ni hila kubwa ya kiufundi, na inafanya kazi. Mtoto anaripoti asichokielewa, msomaji mzima anaelewa, na pengo kati yao ndilo linalouma. Jem, kaka yake, anasikiliza ushahidi akitabasamu kwa uhakika: tumeshinda, haiwezekani kumtia mtu hatiani kwa ushahidi ule. Uamuzi unaposomwa, analia kwa hasira. Dill, rafiki yao wa likizo, ambaye Lee alimchora akimfikiria jirani yake wa utotoni Truman Capote, alishatolewa nje mapema akilia kwa sababu ya namna mwendesha mashtaka alivyokuwa akimwita Tom "kijana" na kumsemesha kwa dharau.

Sehemu hizi zinagusa, sikatai. Lakini zisome ukiwa na swali moja mkononi: watoto weusi wa Maycomb wako wapi, na mbona hakuna anayeshangaa miongoni mwao?

Wapo, pembeni. Roshani ya mahakama ndiko weusi wanakokaa, na watoto wa Finch wanaifuatilia kesi wakiwa huko, pamoja na Mchungaji Sykes. Jem anapojigamba kwamba ushindi ni wao, mchungaji anamwambia taratibu kwamba hajawahi kuona jopo lolote likiamua kwa kumpendelea mtu mweusi dhidi ya Mzungu. Hasemi kwa uchungu wala kwa mshtuko, ni kama mtu anayetaja hali ya hewa. Roshani nzima ilijua matokeo kabla ya shahidi wa kwanza. Watoto wa Tom hawakupewa miaka tisa ya kutojua. Mshangao wa Jem ni mali ya urithi, sawa na nyumba yao yenye veranda.

Calpurnia, mpishi na mlezi wa nyumba ya Finch, ndiye angeweza kutueleza mengi zaidi. Sura ambayo anawapeleka watoto kanisani kwake ni kati ya bora kabisa kitabuni. Kanisa linaitwa First Purchase kwa sababu lilinunuliwa kwa mapato ya kwanza ya watumwa walioachiwa huru. Siku za kazi Wazungu hulitumia kuchezea kamari. Vitabu vya nyimbo hakuna, na karibu wote hawajui kusoma, hivyo Zeebo, mwana wa Calpurnia, anasoma mstari mmoja na waumini wanaufuata kwa sauti. Sadaka ya siku hiyo ni ya Helen, mke wa Tom, ambaye hakuna anayetaka kumpa kazi, na mchungaji anafunga milango mpaka zitimie dola kumi. Scout anashtuka kugundua kwamba huko Calpurnia anazungumza lafudhi nyingine, kwamba ana maisha kamili ambayo mtoto aliyelelewa naye kila siku hakuwahi kuyafikiria.

Mlangoni mwa kanisa hilo yupo pia Lula, mwanamke anayeuliza kwa nini watoto wa Kizungu wameletwa hapa ilhali wana kanisa lao. Anasukumwa kando haraka na simulizi inaendelea. Nimekuwa nikitamani Lee angemwacha aongee dakika mbili zaidi. Ndiye mweusi pekee kitabuni anayekataa waziwazi, na anafanywa aonekane mkorofi tu.

Kutojua kwa watoto kunasameheka. Cha kutisha ni kutojua kwa watu wazima, ambako ni kwa hiari. Lee anakichora hiki kwa ukali ambao wanaomwita mwandishi mpole husahau. Mwalimu Gates anawafundisha wanafunzi kuhusu Hitler na mateso ya Wayahudi, anaandika ubaoni neno demokrasia, anasema hapa kwetu hatumtesi mtu. Scout anakumbuka kumsikia mwalimu huyohuyo, siku ya kesi, akishuka ngazi za mahakama na kusema ilikuwa wakati mtu awafunze adabu hawa, maana wanaanza kujiona, mwishowe watataka hata kutuoa.

Halafu kuna wanawake wa chama cha umisheni. Wanakutana sebuleni kwa Finch, chai na keki mezani, na Bi Merriweather analia machozi akisimulia masaibu ya Wamruna, kabila la Afrika ambalo Lee amelibuni, wanaoishi gizani na kungojea mmisionari mmoja mwema awafikishie nuru. Mama huyo anawahurumia Waafrika wa mbali kwa moyo wote. Pumzi inayofuata analalamika kwamba mpishi wake mweusi, Sophy, amekuwa akinuna tangu kesi iishe, na kwamba amemwonya aache. Chai hiyo inapakuliwa na Calpurnia. Atticus anaingia na kumwita dada yake jikoni kumpa habari kwamba Tom ameuawa, na sebuleni keki zinaendelea kuzungushwa. Msomaji wa kwetu atacheka na kuumia kwa pamoja: kumbe tulikuwamo kitabuni muda wote, kama watu wa kuombewa, mradi tubaki ng'ambo ya bahari.

Tufike kwa ndege mwenyewe. Mockingbird ni ndege wa kijivu wa Amerika anayeiga nyimbo za ndege wengine. Atticus anawaambia wanawe, wanapopewa bunduki za upepo, kwamba kumuua ndege huyu ni dhambi, na jirani yao Bi Maudie anafafanua: haharibu bustani, hajengi kiota ghalani mwa mahindi, kazi yake ni kutuimbia. Baada ya kifo cha Tom, mhariri wa gazeti la mji anakifananisha na uuaji wa kijinga wa ndege waimbaji. Shuleni hufundishwa kwamba Tom ni ndege huyo, pamoja na Boo Radley, jirani Mzungu aliyejifungia ndani kwa miaka mingi.

Mfano huu unapendwa sana, nami naona una kasoro kubwa. Ndege anastahili kuishi kwa sababu hadhuru na anaburudisha. Je, Tom angekuwa mkali, mwenye chuki, mwenye kudai ujira wake kwa kila kuni aliyopasua, ingekuwa halali kumtia hatiani kwa kosa asilolitenda? Haki ya mtu haitegemei upole wake. Lee amemchora Tom mpole mno, mcha Mungu mno, mwenye adabu mno, karibu hana uso. Huenda alijua kwamba wasomaji Wazungu wa 1960 wasingemkubali wa namna nyingine, na katika hilo hakukosea hesabu. Miaka mitano tu nyuma Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa Mississippi kwa madai ya kumtania mwanamke Mzungu, na jopo la weupe watupu likawaachia washtakiwa kwa muda wa takriban saa moja. Baadaye wenyewe walikiri gazetini, kwa malipo.

Linganisha sasa mwisho wa hao ndege wawili. Bob Ewell, akitafuta kisasi, anawavamia watoto wa Finch gizani usiku wa Halloween. Boo Radley anatoka alikojificha, anawaokoa, na Ewell anakutwa na kisu mbavuni. Sherifu Tate anajua vizuri nani amemuua. Anaamua kuandika kwamba Ewell alianguka juu ya kisu chake, kwa kuwa kumburuta mtu mwenye haya kama Boo mbele ya macho ya watu ni dhambi. Atticus anasita, kisha anakubali. Scout anasema ingekuwa kama kumpiga risasi mockingbird.

Kwa Boo, sheria inapindishwa ili imlinde mtu asiyekuwa na nia mbaya. Kwa Tom, sheria ilifuatwa hatua kwa hatua mpaka ikamuua. Sherifu ni huyohuyo, wakili ni huyohuyo, mji ni huohuo. Sidhani Lee aliandika hivyo kwa bahati mbaya, ingawa msimulizi wake hatambui, na walimu wengi huipita sura hiyo wakifurahia tu kwamba watoto wamepona.

Atticus mwenyewe amekuwa uwanja wa vita. Kizazi kizima cha mawakili wa Marekani kilisema kiliingia fani kwa ajili yake. Roshani inamsimamia anapotoka mahakamani ameshindwa, na Mchungaji Sykes anamwambia Scout: simama, baba yako anapita. Mwaka 2009 mwandishi Malcolm Gladwell alimkosoa vikali: mtu huyu anataka nyoyo zibadilike, hataki mfumo ubadilike. Hoja hiyo ina ushahidi ndani ya kitabu. Atticus anawaeleza watoto kwamba Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, ilikuwa chama cha siasa tu, kilichoshindwa hata kupata wa kumtisha. Anamwona kiongozi wa umati uliokuja kumtoa Tom jela usiku kuwa mtu mwema mwenye kasoro zake. Umati huo unatawanyika kwa sababu Scout anamsalimia mmoja wao kwa jina na kumuulizia mwanawe. Ni tukio zuri la kusoma, lakini takwimu za chuo cha Tuskegee zinaonyesha watu 4,743 waliouawa na umati Marekani kati ya 1882 na 1968, weusi wakiwa 3,446, na salamu za mtoto si kitu kilichokuwa kikizuia.

Kisha, Julai 2015, kikatoka Go Set a Watchman, kitabu ambacho Lee alikiandika katikati ya miaka ya 1950, kabla ya hiki tunachokijadili, na ambacho mhariri wake Tay Hohoff alimshauri akigeuze kiwe hadithi ya utotoni. Humo Scout ana miaka 26, anarudi nyumbani kutoka New York, na anamkuta baba yake ameketi katika mkutano wa baraza la Wazungu wanaopinga watoto weusi na Wazungu kusoma shule moja. Wasomaji waliumia kama waliofiwa. Mimi naona kitabu hicho kinakifafanua cha kwanza. Scout mtu mzima anaiona sura ya baba ambayo Calpurnia, akiwa jikoni, bila shaka aliijua siku zote. Aliyetolewa 1960 ni baba kama mtoto anavyomwona, na mtoto huona kwa mapenzi.

Ugomvi wa shule nao umegeuka uso. Mwaka 1966 kamati ya shule ya Hanover, Virginia, ilikiita kitabu hiki kichafu. Lee akaandika gazetini kwa kejeli na kutuma mchango mdogo kwa mfuko wa gazeti hilo, ili kamati iandikishwe darasa la kwanza. Mwaka 2017 Biloxi, Mississippi, wakakiondoa darasa la nane kwa kuwa lugha yake, ambayo ina tusi la rangi tele, iliwakera watu. Mwaka 2022 huko Mukilteo, jimbo la Washington, ni walimu wenyewe walioomba kisiwe cha lazima, wakisema kinawaumiza wanafunzi weusi na kumweka Mzungu katikati ya machungu yao. Pingamizi la 1966 na la 2022 yanaonekana kufanana kwa kuwa yote yanataka kukiondolea kitabu nafasi yake shuleni, lakini la kwanza lilitoka sebuleni kwa Bi Merriweather, la pili limetoka roshani. Binafsi ningekifundisha, ila ningewapa wanafunzi kazi ya kuandika upya sura ya hukumu kama ilivyoonwa na mtoto mkubwa wa Helen.

Monroeville yenyewe imekigeuza kitabu kuwa riziki. Jengo la mahakama la zamani ni makumbusho, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wenyeji huigiza humo kesi ya Tom kila mwaka, wakichagua jopo kutoka miongoni mwa watazamaji. Maonyesho yalipoanza, mkazi mweusi wa kaunti hiyohiyo, Walter McMillian, alikuwa akingojea kuuawa. Alikamatwa 1987 kwa mauaji ya msichana Mzungu, akiwa tayari anasemwa mjini kwa uhusiano na mwanamke wa Kizungu. Waliwekwa mashahidi weusi kadhaa waliosema saa ya mauaji alikuwa nao nyumbani, kanisa likiuza samaki wa kukaanga kuchangisha fedha. Kesi ilihamishiwa kaunti yenye weusi wachache, ikasikilizwa siku moja na nusu, na jopo lenye mweusi mmoja likamtia hatiani na kupendekeza kifungo cha maisha. Jaji akalipuuza, akatoa adhabu ya kifo. Wakili Bryan Stevenson alihangaika miaka kadhaa kuonyesha kwamba shahidi mkuu alidanganya, na McMillian akatoka Machi 1993.

Uwezo wa jaji wa Alabama kulipuuza jopo na kumuua mtu ulifutwa mwaka 2017. Sheria hiyo mpya haikuwagusa waliokwisha kuhukumiwa.